Konokono wa Bi Mkubwa

Najua, najua, kimya kimekuwa kirefu, wengine mmeshanitumia meseji kuuliza kama nimedisko au nimeolewa. Hakuna lolote kati ya hayo. Nilikuwa TP kwetu Muheza, wiki nane nzima, na kule nilikopangiwa mtandao unapatikana ukisimama juu ya kichuguu karibu na msikiti, tena uelekeze simu upande wa Tanga mjini. Sasa nimerudi chuoni, nimekaa zangu kwenye kimbweta, chaji asilimia arobaini, ngoja niwape habari zote kabla giza halijaingia.

Onyo mapema: leo hakuna mapenzi humu wala malalamiko ya wali wa kafteria. Leo nazungumzia turbo. Ndiyo, ile ya gari. Wadada msikimbie, na wakaka msianze kunisahihisha kabla hamjamaliza kusoma.

Wanaonifahamu wanajua kwamba Mzee wangu ana Landrova, 110 ya zamani, injini 300Tdi, aliyoinunua kwenye mnada wa mradi mmoja wa misitu zamani hizo nikiwa sijaanza darasa la kwanza. Pale nyumbani inaitwa Bi Mkubwa. Jina alilitoa mama mwenyewe, akasema kama kuna mwanamke mwingine anayeamka na mume wake saa kumi alfajiri basi ajulikane cheo chake. Kazi ya Bi Mkubwa ni kupanda na kushuka Usambara Mashariki, kutoka vijiji vya juu huko kupita Amani mpaka Muheza mjini. Ikishuka inabeba iliki, karafuu, pilipili manga, ndizi na watu. Ikipanda inabeba saruji, mabati, sukari, kreti za soda na watu walewale. Na usiku ikibidi inabeba mama mjamzito kumpeleka Hospitali Teule, na safari hiyo Mzee hajawahi kuitoza hata shilingi. Anasema nauli ya mtoto ambaye hajazaliwa haina bei.

Bodi ya mikopo wamenipa asilimia zao, hiyo iliyobaki ni Bi Mkubwa. Kwa hiyo mkiniona nimekaa mstari wa mbele kwenye kipindi cha saikolojia ya elimu, mjue nimefikishwa pale na silinda nne.

Sasa twende kwenye injini, polepole. Nitaieleza kama nilivyowaeleza Form Three wangu.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Yenyewe inavuta hewa tupu, inaikandamiza kwa nguvu mpaka hewa inapata moto wa zaidi ya nyuzi 500, halafu ndipo mafuta yanapulizwa ndani na yanawaka yenyewe. Kwenye 300Tdi hewa inabanwa mpaka inabaki sehemu moja ya kumi na tisa na nusu ya ujazo wake. Ukitaka nguvu zaidi lazima uchome mafuta zaidi, na ukitaka kuchoma mafuta zaidi lazima uwe na hewa zaidi. Ukizidisha mafuta bila hewa unapata moshi mweusi tu, ule mnaouona nyuma ya malori pale Mombo yakikata kona kuelekea Lushoto.

Tatizo ni kwamba silinda haikui. Injini ya lita mbili na nusu ikizunguka mara 1,800 kwa dakika inavuta karibu lita 2,200 za hewa kwa dakika, basi, hapo ndio mwisho wake. Kumbe kuna nguvu nyingi inatupwa bure kwenye ekzosi, moshi unatoka wa moto na kwa kasi. Turbo ni nini? Ni feni mbili kwenye shafti moja. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka, ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Hewa ikishindiliwa inapata joto na kutanuka, kwa hiyo inapitishwa kwanza kwenye kitu kama rejeta kinaitwa intakula, ipoe, ijae vizuri. Ni hivyo tu. Aliyewaza jambo hili ni Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alipata hati yake mwaka 1905, ila ilibidi angoje mpaka miaka ya 1920 ndipo meli za kwanza za dizeli zikatumia turbo. Miaka ishirini! Na sisi tunalia matokeo yakichelewa wiki mbili.

Kidogo nitoke nje ya mada. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyebuni injini hii, alipewa hati yake mwaka 1893. Mwaka huohuo, 1893, Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe pale Pangani. Na mwaka huohuo reli ya Tanga ikaanza kujengwa, ikafika Muheza 1896. Yaani mkonge, reli na dizeli vyote vimepata cheti cha kuzaliwa mwaka mmoja. Mwalimu wa historia wa shule niliyofundisha nilimwambia hili akaniangalia kama nimemwibia kipindi.

Turudi. Wanaoijua Landrova za zamani, zile 109 za kina babu, wanajua kwamba dizeli yake ya 2,286 cc ilikuwa na nguvu za farasi 62 hivi. Gari la kijiji kizima, farasi 62. Ilipofika 2.5 bila turbo ikawa 68. Mwaka 1986 wakaweka turbo ya kwanza, ikafika 85. Mwaka 1990 Defender ikapata 200Tdi, na 1994 ikaja 300Tdi, farasi 111. Ila mafundi hawazungumzii farasi, wanazungumzia mkono, yaani nguvu ya kuzungusha. Ile ya 2.5 bila turbo ina Nm 158 hivi, 300Tdi ina 265, tena inazitoa kwenye mizunguko 1,800 tu, pale ambapo gari halijaanza hata kupiga kelele. Injini ni kubwa vilevile, imebadilishwa kichwa na pumzi tu. Ndio maana Bi Mkubwa anapanda na tani nzima ya saruji huku Mzee anaongea na simu (mama usisome hapo).

Sasa yaliyotokea. Mwezi wa nane Mzee alipata malaria, akalala siku nne. Gari haliwezi kulala siku nne, marejesho ya SACCOS hayalali. Akampa deiwaka, kijana anayeendesha vizuri tu kwenye lami. Mzee akiwa kitandani akampa sharti moja: "Ukifika juu usizime gari mpaka umalize kusalimia watu wote."

Sharti hilo wageni huwa wanalicheka. Salamu za Kibondei mnazijua? Utaulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, ya ng'ombe, hata kama ng'ombe huna. Zikiisha zimepita dakika mbili au tatu. Na ndani ya dakika hizo injini inanguruma taratibu, turbo inapoa. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja unachomwa na moshi wa mamia ya nyuzi, na haina beringi za gololi kama baiskeli, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayoletwa na pampu ya injini. Ukizima injini ghafla baada ya mlima, pampu inasimama, oili inasimama, lakini joto halijaondoka. Ile oili iliyobaki inaungua na kuwa masizi magumu kama ukoko wa wali. Fanya hivyo siku moja hutaona kitu. Fanya siku nyingi, kijibomba cha oili kinaziba.

Deiwaka akawa anafika, anazima, anashuka, anaagiza chai. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na kusema haki ukoko ule haukujengwa kwa siku tatu, fundi alisema hivyo baadaye, umri wa turbo nao ulikuwa umetimia. Deiwaka alimalizia tu.

Siku ya nne, wakipanda juu ya Kisiwani na watu kumi na wanne na mifuko ya saruji, Bi Mkubwa akaanza kupiga mluzi. Halafu moshi wa bluu. Halafu akaanza kupiga resi mwenyewe.

Hapa wengi mtakuwa hamjui, na hata mimi na fizikia yangu sikuwahi kufundishwa darasani. Turbo ikifa, sili zake zinaachia, oili ya injini inavuja inaingia upande wa hewa safi. Na oili kwenye injini ya dizeli ni mafuta kama mafuta mengine. Injini inaanza kujichoma oili yake yenyewe. Deiwaka akakanyaga breki, akavuta hendibreki, akazima swichi, akachomoa funguo. Injini ikaendelea. Akabaki na funguo mkononi na injini inalia kama king'ora, manake swichi inakata dizeli tu, na injini ilikuwa haitumii dizeli tena. Deiwaka akafungua mlango akaruka, akakimbia. Namwelewa. Simtukani. Lakini aliacha watu kumi na wanne nyuma.

Aliyebaki ni utingo. Kijana wa miaka kumi na tisa, aliishia darasa la saba. Kwanza akaweka jiwe nyuma ya tairi, abiria wakateremka mbiombio, wengine kwa dirisha. Halafu akafungua boneti, akang'oa mpira mkubwa wa hewa, akachukua gunia tupu lililokuwa limelowa, akalikunja na kulishindilia kwenye mdomo wa bomba. Injini ikalivuta kwa nguvu nusura limtoke, akalishikilia. Ikakohoa, ikatikisika, ikafa. Bila hewa hakuna moto, hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki pale. (Tafadhali msijaribu kwa kiganja. Gunia. Na vidole viwe mbali.)

Nilimuuliza utingo nani alimfundisha. Akasema hakuna, "Dada, si inapumua? Nikaiziba pua." Jamani. Mimi nimesoma ile mada kwa miaka minane.

Gari likavutwa na lori la chai mpaka barabarani, halafu mpaka Tanga mjini, gereji moja Ngamiani kwenye zile barabara za namba. Fundi wetu ni mzee, kaanza na malori ya mashamba ya mkonge akiwa kijana, miwani yake imefungwa na waya. Akang'oa turbo akaniwekea mkononi. "Mwalimu, itikise." Shafti ikacheza kama jino la mtoto. Ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa joto. Kijibomba cha oili akakitazamisha juani, hakipitishi hata mwanga. Lakini injini yenyewe ilikuwa imepona, pistoni nzima, beringi nzima. Utingo aliiwahi. Nusu dakika zaidi, alisema fundi, ungekuwa unapeleka skrepa.

Kitu alichosisitiza sana, na nakiandika hapa kwa mwenye gari yeyote: intakula ilikuwa imejaa oili. Ukifunga turbo mpya bila kuiosha intakula na mabomba yake, ukiwasha, injini inavuta ile oili na inakimbia tena siku ya kwanza. Aliiosha kwa dizeli, akaining'iniza usiku mzima kama nguo.

Turbo mbovu nikaiomba. Nikaenda nayo shule.

Nilikuwa na mada ya sheria za gesi, Boyle na Charles, Form Three, wanafunzi hamsini na saba. Wiki nzima nilikuwa nafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, kimya kama makaburini. Nikaiweka turbo juu ya meza. Mmoja akasema "konokono wa chuma!" na kweli imejikunja vile vile. Ikapita kila dawati, kila mtu akaizungusha kwa kidole. Nikauliza kwa Kiswahili: kwa nini hewa ikishindiliwa inapata joto? Mikono ishirini juu. Mmoja akatoa mfano wa pampu ya baiskeli kupata moto, mwingine akasema ndio maana intakula ipo mbele ya gari ambapo upepo unapiga. Sikuwa nimemwambia intakula iko wapi. Baba yake ni dereva wa lori la machungwa.

Na siku hiyohiyo ndiyo mkaguzi wa TP akaingia. Akaona meza imejaa oili, madawati yamesogea, watu wanabishana kwa Kiswahili. Nikajua nimekwisha. Akakaa nyuma, akaandika andika. Mwisho wa kipindi akaja mbele, akaishika ile turbo, akauliza, "Hii ni ya Tdi au ya Td5?" Kumbe ana Discovery imekaa juu ya mawe nyumbani kwake miaka mitatu. Maksi sijaziona bado, ila alichelewa kuondoka.

Sasa uamuzi. Jioni hiyo tulikaa barazani, Mzee akiwa na shuka lake mabegani, mimi na daftari. Turbo nzima mpya kutoka China, laki nane na nusu. Katriji peke yake, ile roho ya katikati yenye shafti na feni, laki nne na nusu, ukijumlisha oili, gasketi, kijibomba kipya na ufundi inafika laki saba. Kuna waliomshauri aing'oe kabisa turbo, aunganishe mabomba moja kwa moja, bure. Na kuna waliomwambia atupe injini nzima afunge ya Toyota, 1HZ iliyotumika, milioni nane.

Hiyo 1HZ nayo ina sifa zake, tusiwe washabiki. Silinda sita, 4,164 cc, haina turbo kabisa, farasi 130 hivi, Nm 285. Ndiyo ilikuwa kwenye zile Land Cruiser ngumu za hospitali na mashirika, imekuwepo tangu 1990, na sifa yake kubwa ni kwamba haina cha kuharibika. Lakini angalia hesabu: injini ya lita 4.2 inapata Nm 285, na kajini ketu ka lita 2.5 kanapata 265. Tofauti hiyo ndogo yote ni kazi ya konokono. Na Land Cruiser za 70 za kuanzia 2023 wameweka lita 2.8, silinda nne na turbo, Nm 500. Nikamwambia fundi, akacheka, akasema hiyo ikiharibika usimletee yeye, umpelekee mtu mwenye kompyuta. Ana hoja. Hizi injini mpya zinapuliza mafuta kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 2,000, zinataka dizeli safi kama maji ya zamzam. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, watu wanachanganya dizeli na mafuta ya taa mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Bi Mkubwa alikunywa uchafu ule wote akaendelea. Mpya ingekufa Segera.

Nikamfanyia Mzee hesabu ya kung'oa turbo. Gari na mzigo kilo 3,000, kupanda mita 700, ni kama megajuli 20 na nusu. Kwa farasi 111 ni dakika nne na kidogo, kwa farasi 68 ni karibu dakika saba, hapo ukichukulia hakuna kinachopotea njiani. Nikamwambia, Baba, tofauti ni dakika tatu tu, na barabara ile hakuna anayekimbia hata hivyo. Nilitaka asikie pande zote mbili.

Akalitazama daftari muda mrefu. "Mwanangu, kwenye hesabu yako kuna matope?"

Hakuna. Ndicho nilichotaka kufika, ukurasa wa pili ulikuwa wa mkono, sio wa farasi. Kwenye matope huhitaji kasi, unahitaji gurudumu lizunguke taratibu kwa nguvu bila injini kufa. Hapo 158 na 265 ni vitu viwili tofauti kabisa. Na juu kule pia hewa ni nyepesi, mita 900 kutoka baharini umeshapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya hewa, injini bila turbo inaisikia, yenye turbo haijali sana. Mzee hakuhitaji ukurasa wa pili. Alisema tu, "Usiku wa mvua, na mgonjwa nyuma, siwezi kumwambia asubiri nishushe saruji."

Basi ni laki saba. Na nyumba nzima tulijua laki saba iliko. Kulikuwa na laki saba na themanini, ada yangu ya muhula huu, mama aliiweka kwenye simu yake na kubadilisha namba ya siri ili hata yeye aisahau.

Hakuna aliyeniomba. Mzee alinyamaza, mama akaanza kupepeta mchele ambao ulishapepetwa. Nikasema chukueni. Sikusema kwa huruma wala kwa ushujaa, nilipiga hesabu: gari likisimama, mwaka huu nasoma, mwaka wa tatu sisomi, na mdogo wangu anayeingia Form Five haendi kabisa. Gari likitembea, nachelewa kusajiliwa, basi. Mama alilia kidogo, Mzee akatoka nje kwenda kuangalia mbuzi.

Hapa naomba niseme jambo moja la hasira halafu niendelee. Nikiwa Tanga mjini nasubiri fundi, nilipita Raskazone. Pale nje ya jengo moja lilikuwepo shangingi, Land Cruiser jipya, lile la V6 lita 3.3, turbo mbili, zaidi ya farasi 300. Limepaki kivulini, injini inanguruma, ndani dereva peke yake amelala na kiyoyozi. Niliporudi baada ya saa moja na nusu bado linanguruma. Lami kutoka Dar mpaka mlango ule. Turbo mbili za kupandia nini, ngazi? Enzi za Waziri Mkuu Pinda wabunge walibishana sana kuhusu mashangingi haya, na bado yapo, yamebadilika namba tu. Na hilo jina nalo, shangingi, ni neno walilokuwa wanawatukania wanawake, likapandishwa cheo kuwa gari la bosi. Hasira imeisha.

Katriji ikafungwa. Fundi akajaza oili kwanza kwenye turbo kwa mkono, akapiga stata huku dizeli imekatwa mpaka oili ikafika, ndipo akawasha. Akasikiliza kwa bisibisi iliyowekwa sikioni kama daktari. Mluzi ulikuwepo, lakini ule mdogo, mwembamba, wa afya. Mzee alitabasamu mara ya kwanza tangu malaria.

Utingo sasa anafundishwa kuendesha. Leseni bado, ila Mzee kaamua hakuna deiwaka tena, akiumwa yeye atashika kijana. Somo la kwanza alilopewa sio gia wala klachi. Amefundishwa kusalimia. Kila akifika anaulizwa hadi habari za ng'ombe, na yeye anajibu zote, injini inanguruma.

Kwa upande wangu hali ndiyo hii. Zilibaki elfu themanini. Wiki ya kwanza Mzee kanitumia laki na nusu kwa M-Pesa, juzi laki mbili na ishirini, iliki zimeanza kushuka kwa hiyo safari zipo. Jumla laki nne na nusu, bado laki tatu na thelathini, na mwisho wa usajili ni Ijumaa ijayo. Bila usajili hakuna kusaini bumu, kwa hiyo mnaonidai mnielewe, na room nimebebwa na watu wawili ambao siwataji, wanajijua, Mungu awalipe. Jana usiku kulinyesha Muheza, mama kaniambia. Nimemuuliza Bi Mkubwa yuko wapi, akasema kapanda tangu alfajiri na mabati.

Chaji asilimia sita. Mwenye notsi za mitaala za wiki mbili za kwanza aniachie kwa mama wa stationari, nitarudisha kesho.